Mnene Hukaa Katikati

Mabula,

Marahaba. Nakuitikia mapema, kwa sababu kesho asubuhi utaniamkia mlangoni huku macho yako yako kwenye saa, na mimi nitakujibu kwa sauti ya mama anayeaga. Sauti hii nyingine nimeona niiweke kwenye karatasi. Ukifika uwanjani ukatoa pasipoti yako pale kaunta, utaikuta humo ndani. Isome ukiwa umekaa.

Sikuandikii habari za kuvaa soksi nzito, wala kula, wala kusali. Shangazi yako Nyamizi ameshakumalizia hayo yote tangu juzi, na wewe umemwitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" huku kidole kinatembea kwenye simu. Mimi nataka tuzungumze habari ya siti. Siti ya ndege. Usijifanye hamnazo, unajua ninayoisema.

Sasa hivi ni jioni. Wewe umeenda Butimba kuaga rafiki zako, nami nimekaa barazani hapa Buswelu kwenye kiti changu, kile unachonitania kwamba kimenizoea mpaka kimepanuka. Hakikupanuka chenyewe. Fundi aliyekitengeneza alinitazama mara moja tu, akaenda kuchukua ubao mrefu zaidi. Nampenda yule fundi mpaka leo.

Ulipopata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani, ukaitwa Dar kwa mahojiano ya viza, ulikuja chumbani kwangu ukakaa kwenye ukingo wa kitanda. Ukasema, "Mama, twende wote. Peke yangu nitaogopa, nitaishiwa maneno." Nakukumbusha kwa sababu siku hizi unasimulia kana kwamba mimi nilijipachika kwenye safari ya watu. Sikujipachika. Nilikuwa na mzigo wa dagaa unaokuja kutoka Ukara wiki ile ile, nikamwachia mwenzangu, nikashona gauni la kitenge, nikasuka nywele. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege, na usiseme kwamba hukujua.

Kuna kitu hukijui, na kutokukijua kwako ni kazi yangu na ya marehemu baba yako. Tulikuficha ziwa. Tuliona ukilijua sana litakuchukua, basi tukakupeleka shule za mbali na maji, ukavaa viatu vyeupe, na mimi nikirudi kutoka soko la dagaa la Mwaloni unaniambia nioge kwanza ndipo nikukumbatie. Nilikuwa naoga. Nilikuwa naingia bafuni na harufu ya dagaa, natoka na harufu ya sabuni, nakuja kukumbatiwa. Sasa ninapokumbuka ninajiona mjinga kabisa, maana harufu ile ndiyo iliyokuwa ikilipa ada.

Basi sikia. Kwenye boti za mbao zinazokwenda visiwani, abiria hawajipandii tu. Nahodha anasimama ndani ya boti, anawatazama watu waliosimama ufukweni mmoja mmoja, kichwani mpaka miguuni, kisha anapanga. Nahodha wetu alikuwa mzee mmoja Mjita, Majura, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Wewe mwembamba, mbele kule! Wewe mwenye mtoto, ubavuni! Mama mnene, njoo katikati!" Anaita hivyo mbele ya watu wote, na hakuna anayecheka, kwa sababu hakuna anayetaka kufika Ukara anayecheka uzito. Mtu mnene akikaa pembeni kwenye boti anaweza kuua watu. Akikaa katikati, boti inatulia. Mzee Majura alikuwa haondoki mpaka mimi nimekaa, ndipo wengine wote wapangwe kunizunguka. Upepo ukianza, wanawake wembamba walishika gauni langu, hata wale waliokuwa wakinisema vibaya sokoni.

Kwa hiyo siku ile, wewe ulipobaki nyuma kusukuma begi lako kwenye kabati la juu, mimi nilisonga mbele ndani ya ndege nikafanya kile ambacho mtu mnene mwenye adabu hufanya. Nilihesabu kwa macho kutoka mlangoni mpaka mwisho, nikatafuta katikati, nikakaa. Nilikaa kwa niaba yenu nyote. Nilikuwa najua siti yangu ni nyingine, nimeambiwa. Lakini nilidhani namba zile ni za watu wa kawaida, na kwamba mtu yeyote mwenye akili akiniona ataelewa.

Akaja yule mzee wa suti. "Samahani mama, hiyo ni siti yangu."

Nikamwambia, "Kaa tu huko nyuma baba, mimi ni mzito, nikikaa mkiani tutaelemea."

Alicheka kwanza yeye, halafu wa nyuma yake, halafu ndege nzima. Akaja yule binti mhudumu, mzuri, mwembamba, kajifunga skafu shingoni. "Mama, naomba kuona tiketi yako. Ya kwako ni kule nyuma."

Nikamwuliza, "Binti yangu, nahodha wenu anajua kwamba mimi nimo?"

Hapo walicheka mpaka mtu mmoja akakohoa. Nilikutafuta kwa macho, Mabula. Ulikuwa umesimama kwenye njia, karibu kabisa, umeinamia simu ambayo umeshaambiwa uizime. Nikasema moyoni, anaona aibu, ni mtoto, itapita. Nikanyanyuka. Nilipita katikati ya siti zile kwa ubavu, nikiwagusa watu mabega, nikiomba radhi kushoto na kulia, na kila niliyemwomba radhi alijikunyata kama nimembebea ugonjwa.

Nikakaa pembeni yako. Hapo nikubali jambo moja, maana sitaki useme mama hana haki. Nilikuwa nakubana. Paja langu lilivuka likaingia kwako, bega langu likakusukumia dirishani, na ule mkono wa siti uliokuwa katikati yetu ulinizama ubavuni mpaka nikapata alama. Mtu aliyelipia siti ana haki ya siti nzima. Yule mzee wa suti alikuwa na haki yake, na wewe ulikuwa na haki yako. Sijui siti zile walimpima nani walipozitengeneza. Labda walimpima mtu ambaye hajawahi kuzaa wala kushiba. Lakini hilo si kosa lako, na mimi sikuja hapa kukulaumu kwa upana wa kiti.

Mkanda haukufika. Yule binti akaleta kipande cha kuongezea, akakibeba juu mkononi, chenye rangi inayoonekana kutoka barabarani. Mama mmoja aliyekaa upande wa pili wa njia, mwenye wigi na pete nyingi, akamwambia mwenzake bila kupunguza sauti, "Wengine wangekuwa wanakata tiketi mbili tu, tuheshimiane." Nilimsikia. Nawe ulimsikia. Nilikuwa namtafutia jibu, na unajua mimi nikitafuta jibu nalipata, Mwaloni nzima wananijua. Lakini kabla sijafungua mdomo, ukafungua wa kwako.

"Dada, samahani. Kuna siti nyingine? Huyu mama ananibana."

Binti akauliza, "Kwani hamko pamoja?"

Ukasema, "Hapana."

Ulisema vizuri, kwa upole, kama kijana aliyelelewa. Yule binti akanitazama. Nadhani alikuwa ameshaona. Pua hii uliyonayo hukuinunua dukani. Akasubiri niseme neno. Ningesema "huyu ni mwanangu, nimemzaa mimi," ungekufa kwa aibu pale pale, na mahojiano yako yako kesho yake. Nikamwambia, "Mwache aende binti yangu. Ni kijana wa watu." Nikasimama, nikajibana, ukapita mbele ya tumbo langu bila kunigusa. Sijui uliwezaje. Ukaenda kukaa siti ya mwisho kabisa.

Nilinyanyua ule mkono wa siti nikakaa kwenye siti mbili peke yangu. Hakuna aliyekaa kwa raha kama mimi kwenye ndege ile. Nilitazama ziwa likipita chini, na lile ziwa nililovuka kwenye mvua na kwenye giza nikipangwa kama mfalme, likaonekana dogo na kimya. Walipogawa korosho sikuzila. Nilizitia kwenye mkoba nikasema, Mabula anapenda korosho. Tulipotua Dar ukanisubiri kwenye mabegi, ukasema kule nyuma kulikuwa na hewa nzuri zaidi, tumbo lilikuwa linakusumbua. Nikasema pole mwanangu. Nikakupa zile korosho. Ulizila zote, hata hukuniuliza kama mimi nimekula.

Ningeweza kuishia hapo. Watoto huona aibu juu ya wazazi wao, hata mimi nilikuwa nikimwonea aibu mama yangu kwa namna alivyopiga chafya kanisani. Lakini tuliporudi Mwanza ulifanya jambo jingine ambalo unadhani sikulijua. Walikuja wenzako hapa sebuleni. Nilikuwa naleta chai, nikasikia kutoka koridoni unawasimulia. "Jamani, kwenye ndege kulikuwa na mama mmoja wa dagaa, akaenda kukaa katikati, eti ndege isielemee! Halafu akauliza kama nahodha anajua yumo!" Walicheka wakapiga meza. Nikaingia na trei, na mimi nikacheka. Nikamwuliza yule rafiki yako mwenye miwani, "Anachekesha nini huyu?" akanisimulia upya, wewe ukiwa umekaa pale pale, unakoroga chai isiyo na sukari. Nikasema, "Duniani kuna watu." Nikawaongezea maandazi.

Umenikata maini, Mabula. Naandika hivyo hivyo bila kupamba. Siku ile kwenye ndege ulinikana kwa woga, na woga ninauelewa. Sebuleni kwangu, kwenye makochi niliyonunua mimi, ulinikana kwa raha.

Na mimi nikafanya ujinga wangu. Badala ya kukuita nikakuuliza, nikaanza kujiuliza mimi. Nikaacha kula. Asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana kipande cha tango, jioni nalala nikisikia tumbo likiongea. Wewe ulifurahi, ukaniambia, "Mama unapendeza siku hizi," ukanitumia video za watu wanaoruka kamba. Nilipungua uso tu. Mapaja yalibaki kama yalivyo, yananisubiri. Siku moja pale Mwaloni nikadondoka juu ya magunia, wanawake wakanimwagia maji, na nilipofumbua macho nilisikia mmoja anasema, "Huyu si mgonjwa, huyu ana njaa!" Mimi, mwanamke ambaye babu yako mzaa baba alinizunguka mara moja kwa macho akasema hawa ng'ombe wa mahari nimewatoa mahali pazuri, nimelala kwenye dagaa kwa njaa ili mtoto niliyemlisha asibanwe. Nilinunua ugali na sato mzima pale pale, nikala kwa mikono miwili, nikilia, na hakuna aliyenicheka.

Tangu siku hiyo nimeacha kujipunguza kwa ajili ya mtu. Lakini sikukuambia kitu, na hilo ndilo ninalolijutia. Nilidhani nikinyamaza utajirudi mwenyewe. Nilikupikia, nikakufulia, nikawaambia majirani mwanangu anaenda Ulaya. Kumbe ukimnyamazia mtu aliyekutupa, anaona kwamba hajatupa kitu. Ungeniambia pale pale, "Mama, sogea kidogo, unanibana," ningecheka, ningekusukuma kwa makusudi, tungefika Dar mbavu zikiuma. Hicho tu. Kubanwa si dhambi, na kusema umebanwa si dhambi.

Sasa unaenda kuwa muuguzi. Nimecheka sana peke yangu juu ya hili, cheko baya. Unajua wauguzi wanafanya nini huko? Mwenzio aliyetangulia ameshakuambia, nilikuwa nasikiliza. Wanawageuza wazee vitandani. Wanawaosha, wanawanyanyua, wanawakalisha chooni. Atakuja mama mmoja wa Kijerumani, mnene kuliko mimi, magoti yamekufa, hajui jina lako, na utalazimika kuingiza mikono yako yote miwili chini ya mapaja yake ukumbatie uzito ule kifuani. Hutaita dada akutafutie kitanda kingine. Utamwita mama, kwa lugha yao, kwa sauti nzuri, kwa sababu unalipwa. Siku hiyo nataka unikumbuke. Sitaki ulie, nataka tu unikumbuke, mgongo ukikuuma.

Juma lililopita ulinijia na lile neno lako la upole. "Mama, usihangaike kuja mpaka Dar. Magoti yako hayo. Shangazi atanifikisha uwanjani hapa Mwanza, inatosha." Magoti yangu! Magoti yaliyopanda na kushuka vilima vya Bugando siku ulipolazwa na malaria, leo yamekuwa ndiyo sababu. Nikasema, sawa mwanangu. Ukashukuru haraka mno. Jioni nikakuona umekaa kwenye ngazi unachagua siti kwenye simu. Ulichagua ya mwisho kabisa, ile ile ya nyuma. Labda umeizoea.

Kesho yake nikachukua bajaji mpaka Nyamagana, nikaingia kwa wakala wa tiketi. Nikamwambia binti wa pale nataka siti mbili, ndege hiyo hiyo ya mwanangu, mpaka Dar. Akauliza, "Abiria wa kwanza nani, mama?" Nikasema, mimi. "Na wa pili?" Nikasema, mimi pia. Akaniangalia, mikono kwenye kompyuta, hajui acheke au aombe radhi. Nikamwambia, "Andika mwanangu, usiogope. Mimi ni mnene, na kuna mtu alishauri." Nikamwambia nataka katikati, usawa wa mabawa. Akatafuta, akanionyesha mchoro kwenye kioo, akasema, "Hizi hapa, katikati kabisa." Mzee Majura angefurahi.

Kwa hiyo kesho mlangoni nikikukumbatia, usidhani ndiyo basi. Machozi yatakuwa ya kweli, lakini bajaji yangu itakuwa inasubiri nyuma ya nyumba. Shangazi yako anajua na amekula kiapo, maskini, siku zote hizi anakwambia uvae soksi kwa sababu anaogopa akinyamaza atasema. Hapo uwanjani usinitafute kwenye viti vya kusubiria. Nimeshaomba, nitapandishwa mapema, pamoja na wenye watoto na wenye magoti.

Ukiingia ndani utaniona. Sina pa kujificha, na sitaki. Nitakuwa nimevaa lile gauni la kitenge. Kipande cha mkanda nitakuwa nimeshakiomba mwenyewe, kwa sauti, nusu ya ndege isikie. Mkono wa siti nitakuwa nimeunyanyua. Pembeni yangu patakuwa na siti tupu, ambayo nusu yake nitakuwa nimeijaza, kwa sababu ndivyo nilivyo na sitajikunja. Nusu iliyobaki inakutosha, wembamba wako ninaujua. Utabanwa. Utabanwa mpaka Dar es Salaam, na jasho langu litakuingia kwenye hilo shati jipya.

Yule mhudumu atapita, ataona siti tupu, atauliza, "Mama, uko na mtu?" Sitamjibu. Mara ya kwanza nilikujibia, nikasema uongo kwa ajili yako, safari hii sina neno. Utakuwa umesimama pale pale kwenye njia, begi mkononi, watu wanakusukuma kwa nyuma. Jibu wewe.

Ukikaa, ng'wana wane, mwanangu, hatutazungumza habari hii tena mpaka nife. Ukipita ukaenda nyuma, sitapiga kelele wala kukuita. Nitaweka mkoba wangu kwenye hiyo siti na kuufunga mkanda. Wakigawa korosho, nitazila mwenyewe.

Ni mimi,

Huyu mama